Majina Yaliyoitika Kwa Syombua

Jumanne, 2 Septemba 2025

Wewe uliyefungua daftari hili — kama si mimi, lifunge. Tafadhali. Nakusihi kwa jina la mama yako. Na kama umeshasoma na huwezi kujizuia, basi usimwambie mtu hata neno moja. Si kazini, si kanisani, si kwa kinyozi. Nina miaka ishirini na minne. Nina diploma ya utunzaji wa rekodi. Hii ndiyo kazi ya kwanza iliyoniita baada ya barua thelathini na moja za maombi. Nikiipoteza narudi Mutomo kuchunga mbuzi wa baba, na baba atanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa.

Jina langu Muli. Karani wa Maji Mapana Leisure, ofisi ya mradi, bwawa la Kwa Syombua, nusu saa kwa boda kutoka Kathonzweni.

Leo tulikuwa na baraza. Meneja wetu, Bwana Kimeu, alitundika picha kubwa ya mradi, ya turubai, ubavuni mwa kontena la ofisi. Mikahawa imejipanga ukingoni mwa maji. Jukwaa la muziki. Boti za kukodi. Njia ya matembezi yenye taa za duara, na watoto wameshika puto. Akasema: Kisumu wana ziwa, Mombasa wana bahari, sisi tumekosa nini? Watu wa Nairobi watakuja kila wikendi. Makofi! Kisha akafika kwenye uzio. Makofi yakakatika.

Shida ni njia ya ng'ombe. Upande huu wa bwawa ndiyo njia pekee ya kufika majini. Upande wa pili ni mwamba mtupu. Uzio utaifunga.

Mzee mmoja, Nzioka, aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Nimetafuta ng'ombe wangu hapa," akasema. "Boti nimeona. Mwanamke wa kofia nimeona. Ng'ombe wameenda wapi?"

Bwana Kimeu akamwambia mifugo itawekewa bomba katika awamu ya pili.

"Ng'ombe hanywi awamu, meneja."

Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Kisha wakakataa. Waliikataa fensi, na wakakataa kusaini fomu yoyote ile. Mama mmoja alificha mikono ndani ya leso alipoona kalamu.

Bwana Kimeu alinivuta nyuma ya kontena. Bila orodha ya sahihi za wakazi, akasema, faili haiendi Nairobi. "Wewe umesoma. Fikiria." Nikafikiria. Mungu anisamehe, nikafikiria vizuri!

Nimepanga chumba kwa Susu Kalekye, bibi mzee wa hapa kijijini. Huyo ndiye anayetunza daftari la mwethya. Bwawa hili halikuchimbwa na serikali wala kampuni. Lilichimbwa na mwethya, kundi la kazi la kijiji, kuanzia 1987, wengi wao akina mama, kwa majembe na karai. Kila siku ya kazi majina yalisomwa. Asiyeitika alilipa kuku. Hata leo ukisoma jina kwa sauti ile, mtu husimama kabla hajafikiri. Daftari hilo nililiazima wiki jana kwa sababu napenda miandiko ya zamani. Lilikuwa mkobani mwangu.

Nikatangaza kuwa soda na mkate vitagawiwa kwa orodha ya mwethya. Nikaanza kusoma, huku nikinakili kila jina. "Ni vaa!" — nipo hapa! Mmoja mmoja wakaitika, wakaja mezani, wakaweka sahihi au kidole gumba kuonyesha wamepokea. Majina sitini na matatu. Bwana Kimeu alikuwa ameniambia niache nafasi ya upana wa vidole vinne juu kabisa ya karatasi. Nikaiacha. Nilipiga mstari kwa rula.

Baadaye alinipiga begani. "Sasa wewe ni karani."

Nilifurahi. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye. Nilifurahi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeona kilichojaza ile nafasi.

Nilitumwa kutoa nakala tatu za faili. Ukurasa wa arobaini: mwandiko wangu, majina yangu yaliyonyooka, na juu yake kwa herufi kubwa za kompyuta — SISI WAKAZI TULIOTIA SAHIHI HAPA CHINI TUMEKUBALI KWA HIARI YETU KUFUNGWA KWA NJIA YA NG'OMBE. Vidole vinne kamili. Hata mstari wa rula haukuguswa.

Nilimwonyesha Bushra wa mapokezi. Ni mtu wa Kitui mjini, ulimi wake hauna breki. "Kwani ulidhani nafasi ile ni ya karatasi kupumua?"

"Nilidhani ni ya kichwa cha baraza. Tarehe. Mahali."

"Muli. Una diploma."

Niliingia kwa Bwana Kimeu. Nikamwambia kichwa kile hakikusomwa kwa watu. Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Kichwa ni kazi ya ofisi. Majina yalikuwa kazi yako. Uliifanya vizuri."

Na mimi nikasema nini? "Sawa, boss."

Sawa, boss! Nimetembea mpaka nyumbani nikiyarudia maneno hayo kama mtu anayetema mchanga. Sawa nini? Walikataa mbele ya macho yangu. Wameibiwa kwa mkate nusu na soda moja, na mwizi amevaa shati langu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nguzo za fensi zimeanza. Hawakungoja hata kibali. Kumi na nne zimesimama, na saruji bado mbichi. Asubuhi punda watatu wenye mitungi walifika pale njia inapokatika, wakasimama. Mwenye punda aliwazungusha mwambani. Nilitazama kutoka dirishani mpaka nikaona mtungi wa kwanza unaanguka na kubingirika. Fundi mmoja alicheka. Nilitaka kumrushia stepla. Sikumrushia kitu. Nilifunga dirisha.

Jioni Susu Kalekye alinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kama kawaida. Tangu Januari hajaniacha nilale njaa hata siku moja. Akauliza daftari lake liko wapi. Nikasema nalitumia kidogo. Akacheka, akasema anashukuru nilisoma vizuri, sauti yangu ilimkumbusha mwandishi wa zamani wa mwethya.

"Uliita Ndunge wa Mwau. Nani aliitika?"

"Wewe, Susu."

"Na mimi naitwa nani?"

Kijiko kilisimama njiani.

"Ndunge ni mama mkwe wangu," akasema. "Nilimzika mimi mwenyewe, mwaka wa tisini na nane. Mstari wa mwethya haufi, mwana wakwa. Mtu akienda, yule anabaki kwa jiko lake ndiye anaitika. Ukisema Kalekye pale, hakuna mtu atageuka. Si mimi nilianza kubeba jiwe, ni yeye."

Nikamuuliza ni wangapi walioitika kwa majina ya waliokufa. Alihesabu kwa vidole taratibu, akitaja kila nyumba, na alipofika kwa wengine aliinamisha kichwa, kama anayewaamkia. Kumi na tisa.

Kumi na tisa! Kule Nairobi, ukurasa wa arobaini, watu kumi na tisa walio kaburini wamekubali kwa hiari yao. Na mwandiko ni wa nani?

Sikumwambia. Nilimaliza chakula chake chote na sikumwambia.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mchungaji aliwaombea vijana wenye ajira, wawe chumvi na nuru. Alinitaja kwa jina! Susu Kalekye akaniangalia kwa fahari kutoka kiti cha mbele. Nilitoka kabla ya sadaka. Nimekasirika mpaka meno yanauma, na mtu ninayemkasirikia zaidi ndiye ninayemnyoa ndevu kila asubuhi.

Jumatatu, 8 Septemba

Sheria inataka nakala ibandikwe mahali pa wazi. Niliibandika mwenyewe saa mbili asubuhi, pini nne. Saa nne Mzee Nzioka akaingia ofisini, amevua kofia.

"Nimekuja kumwona mama," akamwambia Bushra.

"Mama gani, mzee?"

"Mama yangu. Wavinya wa Nzuki. Nimeona hapo nje amesaini Jumanne. Tulimzika mwaka wa elfu mbili na tisa. Kama amerudi na amefika hapa kwanza kabla ya kwangu, si mbaya, lakini nina maswali ya mpaka wa shamba."

Bushra alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanacheza. Mimi sikuweza kucheka.

Bwana Kimeu alitoka na tabasamu lake la turubai. Akasema ni kosa dogo. Karani wetu ni mgeni, ametoka huko ng'ambo Kitui, hajui watu, alinakili vibaya. Alisema hivyo nikiwa nimesimama pale! Kidole chake kilinielekea bila yeye kunitazama, kama mtu anayeonyesha mahali pa choo.

Mzee Nzioka ndiye aliyenitazama. "Hapana," akasema. "Kijana hakukosea. Alisoma jina la mama na mke wangu ndiye aliitika, kwa sababu ni wa jiko hilo, na kwa sababu alikuwa na kiu ya soda. Alisoma vizuri sana." Akavaa kofia. "Hiyo ndiyo shida yake."

Alipotoka alichukua ile orodha ubaoni. Pini zangu nne akaniachia juu ya meza, moja moja.

Jumanne, 9 Septemba

Malalamiko ya wakazi yamefika Nairobi, na wafu kumi na tisa wametajwa. Alhamisi saa nne asubuhi, ukumbi wa soko Kathonzweni, jopo la watu watatu kutoka Nairobi litasikiliza pande zote mbili.

Bwana Kimeu aliniita, akafunga mlango. Barua ilikuwa tayari. Nainakili hapa kama nilivyofunzwa, neno kwa neno: "Mimi Muli nakiri kwamba nilibuni majina kumi na tisa na kuyaongeza katika orodha bila idhini ya mwajiri wangu. Majina arobaini na manne yaliyobaki ni halali na wenyewe waliridhia."

Nilisoma mara tatu. Alidhani sielewi, akanieleza kwa upole, ule upole wa mtu anayemshika kuku. Nikisaini, watanipa onyo na kunitafutia nafasi Kitui. Nisiposaini, kughushi sahihi ni kesi ya polisi, na mwandiko si wake, ni wangu.

"Na lile daftari la akina mama. Lilete pia."

"La nini, boss?"

"Kwa sababu bila lile daftari, mwethya ni hadithi ya jikoni."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ilinishika mpaka nikaona giza. Mtu akiweka daftari kando ya orodha, ataona mara moja: majina yaleyale, mpangilio uleule, mstari kwa mstari, wafu kwa wazima. Ataona kuwa hakuna aliyekubali fensi. Watu waliitwa, wakaitika, basi! Yote sitini na matatu yataanguka. Daftari likipotea, arobaini na manne yanasimama, njia inafungwa, na mimi ndiye mwizi wa majina.

Na alinichagua tangu mwanzo. Mgeni. Mwoga. Mwandiko mzuri.

"Kesho, Muli."

Sikusema "sawa, boss." Nilitoka, nikafunga mlango. Usiniulize kama huo ni ushujaa.

Jumatano, 10 Septemba

Sikwenda kazini. Nilimkuta Susu Kalekye uani akipepeta pojo. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Nafasi ya vidole vinne. Kichwa. Barua. Hata kule kufurahi kwangu.

Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Mkate wenyewe ulikuwa umekauka," akasema.

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Akaniambia nilete daftari, nifungue mwaka wa themanini na nane, mwezi wa tatu, mstari wa Ndunge. Nikafungua. Wino wa bluu, umefifia. Tarehe kumi na nne: "Mkwe amejifungua mvulana. Yupo."

"Huyo mkwe ni mimi. Nilibeba mawe na mimba ya miezi minane, kwa niaba ya mama mkwe, mgongo wake uliharibika. Uchungu ulinishika pale kwa ukingo, pale kwenye picha yenu wameweka mtu anakunywa soda na mrija. Siku hiyo jina lilisomwa na mimi sikuitika. Mwandishi angeandika 'hayupo.' Tungelipa kuku na kuku hatukuwa naye. Akaandika hivyo unavyoona. Yupo." Aligonga ukurasa kwa ukucha. "Huyo ndiye karani, Muli. Wewe ni mtu wa mwandiko mzuri."

Nililia. Sioni aibu kuiandika.

Nikamwambia kesho nitampa Mzee Nzioka daftari apeleke yeye, mimi nipande gari la Mutomo alfajiri. Akaruka kama ameguswa na moto.

"Asi! Utoroke? Mwethya haisamehi mtu, inatoza. Faini yako hii hapa. Magoti yangu hayafiki Kathonzweni. Kesho Nzioka atasoma majina ya ile orodha mbele ya hao watu wa Nairobi, yote, na kila nyumba itaitika na kusema ni nani na anaitikia nani. Akifika kwa Ndunge wa Mwau, wewe ndiye utasimama. Utaitika. Halafu utasema ulichofanya."

"Susu, mimi si wa nyumba hiyo. Mimi ni mwanamume. Wa Mutomo!"

"Umekula kwa jiko la Ndunge tangu Januari. Jiwe haliulizi ni nani amelibeba."

Nikasema watanishika. Akasema inawezekana. Hakuniambia hawatanishika. Nimemkasirikia kwa hilo, na ninamheshimu kwa hilo.

Barua ya Bwana Kimeu sijaisaini wala sijaichana. Nimeiweka ndani ya daftari la mwethya, mwezi wa tatu, themanini na nane. Nakala haiharibiwi. Hilo nalo nilifunzwa.

Alhamisi, 11 Septemba — saa tatu kasorobo asubuhi

Kathonzweni. Nimejificha chumba cha nyuma cha duka la Shee, fundi cherehani, mjomba wa Bushra; Bushra ndiye aliyenileta. Watu wa kwao walitoka pwani zamani. Wanashona kanzu na sare za shule. Nimekaa juu ya marobota ya kitambaa cha kijani. Daftari la mwethya liko tumboni, chini ya shati.

Bwana Kimeu amepiga simu mara kumi na moja. Ujumbe mmoja: "Lete daftari tuzungumze kama wanaume." Wa pili: "Nimewaambia unakotoka."

Bushra ametoka kuchungulia, amerudi anahema. Watu wetu wako ukumbini, wamejaa viti vya nyuma, Mzee Nzioka amevaa koti la harusi. Lakini mlangoni kuna wawili asiowajua, wamesimama na Bwana Kimeu, na kila kijana anayeingia wanamuuliza jina. Wanamtafuta Muli. Mmoja ana picha yangu — ile ya kitambulisho cha kazi! Niliikata mwenyewe kwa makasi, kingo zimenyooka.

Mzee Shee ameuliza kama nataka chai. Nimesema hapana. Ameniletea. Amesema mtu anayetetemeka ashike kitu cha moto.

Na bado nina hasira, nashukuru ninayo, maana ikipungua tu nitashuka dirishani nikimbie mpaka Mutomo. Naishikilia. Nafikiria mtungi ule ukibingirika mwambani. Nafikiria ile rula.

Sasa ni saa tatu na nusu. Bushra atachukua daftari hili langu la siri, aliingize ukumbini ndani ya mtandio. La mwethya nabaki nalo. Kwa hiyo wewe unayesoma sasa, nilikuomba usimwambie mtu neno. Ombi hilo nimelifuta. Nenda ukurasa wa mwanzo uusome kwa sauti, mbele ya jopo, mbele ya Bwana Kimeu. Soma hata pale nilipofurahi.

Kisha mkinihitaji, nitafuteni hivi. Msipige simu, nimeizima. Tokeni ukumbini kwa mlango wa jikoni, si ule wa mbele. Piteni kwa wauza mbuzi, duka la tatu, mlango wa samawati. Mje wengi, si chini ya kumi, na Mzee Nzioka awe mbele, ili hao wawili wakifuata wakute watu. Mzee Shee atawaambia hamna mtu. Msimwamini, na msimlaumu.

Msiite Muli. Hata wao watakuja wakiita Muli, kwa sauti nzuri, na nimeapa sitaitika.

Simameni nje ya mlango, mniite kama mnavyoita kwenye kazi ya mwethya: Ndunge wa Mwau.

Iteni mara moja tu, nitoke na daftari twende ukumbini. Nipo.